Maganda ya Vidonge Nyuma ya Friji

Mama,

Shikamoo.

Hii ndiyo mara ya kwanza mie na wewe tunaongea zaidi ya maneno kumi mfululizo, na nasikitika kwamba imebidi kwanza ufe.

Tumekaa nyumba moja hapa Tabata miaka tisa, ukuta mmoja tu kati ya chumba chako na chetu, na bado nikikusanya yote niliyowahi kukwambia uso kwa uso hayajazi ukurasa wa daftari. Umeamkaje mama. Karibu chakula mama. Umeme umerudi mama. Mengine yote yalipita kwa Tumaini, mjukuu wako. Ulikuwa ukitaka dirisha lifungwe unamwambia, "Mwambie baba yako upepo umezidi," nami nimekaa hatua mbili kutoka hapo, nimesikia kila neno, nangoja mtoto ageuke anieleze ndipo ninyanyuke. Ndiyo mila mliyokuja nayo kutoka Njombe, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Mie mtu wa Temeke, niliyekulia nyumba ya wapangaji ambako hata kikohozi chako kina mjadala, niliipenda sana hiyo mila. Sikuwahi kukwambia. Ni raha kuheshimiwa na mtu asiyekujua vizuri.

Ni miezi saba tangu uondoke. Chumba chako amehamia Tumaini. Ametundika kioo pale ulipokuwa umetundika kalenda ya kanisa, na mlango anaufunga kwa ufunguo, jambo ambalo wewe hukuwahi kufanya ingawa wewe ndiye uliyekuwa na cha kuficha. Mchicha wako nyuma ya bafu umeota wenyewe mara mbili. Mama Zuwena wa jirani bado anachuma bila kuomba, na ukimkuta bado anasema, "Ndo nilikuwa nakuja kuomba."

Ila sikuandikii kwa ajili ya mchicha. Mwanao Neema anaumwa, Mama. Ugonjwa wake ni ule ule wako, na dawa aliyoandikiwa ni ile ile uliyoandikiwa wewe, na ameiweka juu ya kabati la vyombo hataki hata kuifungua. Anasema ndiyo iliyomuua mama yake. Mie najua haikukuua peke yake. Najua kwa sababu nilikuwepo, na nimekaa na jambo hili miezi saba kama mtu aliyekalia msumari mbele ya wageni.

Alikwenda Njombe kwenye kikao cha ukoo cha kumaliza msiba wako. Kurudi akakaa kwenye basi kutwa nzima, hataki kushuka hata kujinyoosha, unamjua. Kesho yake mguu wa kushoto umejaa kama mgomba, akasema ni viatu. Siku ya tatu viatu hakuvaa na mguu ukazidi. Hospitali wakampima kwa ile mashine ya kupitisha juu ya ngozi, wakasema damu imeganda ndani ya mshipa, na kipande kikinyofoka kikapanda kwenye mapafu mtu anaweza kuondoka huku anaongea. Sasa anachomwa sindano za tumboni kila asubuhi. Lakini sindano ni za kuanzia tu. Vidonge ndivyo vya kuendelea navyo, miezi kadhaa, na alitakiwa avianze wakati sindano bado zinaendelea. Daktari amemwambia arudi Jumatatu wazungumze, maana hivi alivyo hawezi kuachwa.

Jana nikamwambia, "Mama Tumaini, meza dawa." Hakunijibu kwa hasira. Alisema taratibu tu, huku anachambua mchele, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa: "Mama yangu alikuwa mzima. Alikuwa hatumii kitu chochote. Wakampa ile dawa, mwezi haukuisha nikamzika. Unataka na mimi nikuachie watoto?"

Nikatoka nje nikajifanya naangalia waya wa antena.

Mama, wewe uliniona kazini mara moja tu, siku ile umepita na akina mama wa jumuiya. Hujui kazi yangu ilivyo. Mtu akiniletea friji sishiki bisibisi kabla sijauliza maswali. Umelisafirisha limelala? Kuna fundi mwingine ameshaligusa? Barafu uliitoa na nini? Wote wanajibu hapana. "Mie, fundi? Kisu? Kwenye friji?" Nami naona tundu pale kwenye barafu, umbo la kisu kabisa, imebaki kuandikwa jina tu. Kwa hiyo nimejifunza. Namaliza maswali yangu, nashukuru, namtuma mwenye friji akatuletee maji ya kunywa, kisha namgeukia dada wa kazi. Dada wa kazi anasema yote. Anasema mpaka siku. Si kwamba mwenye friji ni mwongo. Ni kwamba kuna mtu amesimama pale, na mbele ya huyo mtu hawezi kuwa mtu aliyetoboa friji na kisu.

Hilo nalijua mie, nimelisoma mwenyewe bila mwalimu. Na siku nilipotakiwa kulitumia sikulitumia.

Unaikumbuka siku ile. Neema alikuwa anasimamia mitihani shuleni kwake Kibamba, ruhusa hakupata, ikabidi nikupeleke mie. Ulivaa kile kitenge cha bluu. Kwenye bajaji tulikaa kila mtu kwake, pochi yako katikati yetu kama balozi. Daktari alikuwa kijana mdogo, akakuamkia vizuri, akasema hii dawa inazuia damu isigande, ila ina upande wa pili: damu ikitoka mahali haikomi haraka. Kwa hiyo kabla sijakupa, bibi, lazima nikuulize mambo. Nikanyanyuka nitoke. Ukasema, "Kaa tu, baba, nishikie pochi." Ilikuwa heshima hiyo, hukutaka nionekane nimefukuzwa. Nami nikakaa kwa heshima, nisionekane nimekukimbia. Tulikuwa na adabu sote wawili siku ile, tungeweza kupewa cheti.

Akauliza una vidonda vya tumbo? Hapana. Umewahi kupata choo cheusi, kama lami? Ukaangalia ukutani. Mie nikaangalia viatu vya daktari. Hapana, baba. Damu kwenye haja kubwa? Hapana. Umeanguka siku za karibuni? Hapana. Unatumia dawa yoyote ya maumivu, ya magoti labda, ya mgongo? Ukacheka kidogo, kile kicheko chako cha kufunga mazungumzo. "Mimi ni mtu wa maombi tu, baba."

Mama, wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimevuta friji letu kusafisha vumbi la nyuma. Nyuma yake nikakuta maganda ya vidonge, matupu, umeyabana na mpira wa kufungia pesa. Diklofenaki. Vile vya magoti, wanavyouza dirishani duka la dawa pale kwenye kona bila kuuliza jina. Maganda kumi na moja. Na nilijua una moto tumboni, maana Tumaini alikuwa ananiletea salamu zako, "Bibi anasema ukirudi umletee vidonge vya kiungulia," na nilikuwa naleta. Na kuanguka bafuni nilikusikia mwenyewe, ndoo ikalia, nikauliza kwa mbali "Salama?" ukasema ndoo imeteleza. Mwaka huo, Mama, kila kitu kilikuwa kinateleza isipokuwa wewe.

Yale maganda niliyafanyaje? Niliyarudisha. Nilifuta vumbi, nikayaweka pale pale ulipokuwa umeyaweka, na mpira wake, nikasukuma friji. Nilijiona mkwe mwema kupita kiasi.

Kwa hiyo daktari alipouliza, majibu yalikuwepo mawili mle chumbani, la kwako na la kwangu, na la kwangu ndilo lilikuwa la kweli. Sikulitoa. Ningesemaje? Daktari, mama mkwe wangu anasema uongo? Ningemtazama nani baada ya hapo? Akaandika dawa. Akaeleza vizuri tu, sina lawama na yule kijana: usimeze kidonge cha maumivu hata kimoja bila kutuuliza, dawa za mitishamba vilevile, mboga za majani kula ila usibadili ghafla, ukienda kung'oa jino mwambie wa meno, urudi tarehe hii tupime damu imekuwa nyepesi kiasi gani, na ukiona choo cheusi, fizi zinatoka damu, au umegonga kichwa, njoo siku hiyo hiyo. Ukasema sawa, baba. Mie nikasema sawa, daktari. Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu mwingine, wa chumba cha pili.

Nyumbani nilisumbuka siku mbili. Kumwambia Neema niliona ni kukuchongea kwa mwanao. Kukwambia wewe haikuwezekana. Basi nikafanya kile ambacho nyumba yetu hufanya. Nikamwita Tumaini nikamwambia, mwambie bibi, daktari alisema asimeze vya maumivu. Akaenda, akarudi. "Bibi anasema amesikia."

Nikapumua. Unaona? Nilituma neno la kuokoa maisha kwa njia tunayotumia kufungia dirisha.

Nikakagua nyuma ya friji baada ya siku tano. Hakuna kitu. Nikasema ameacha.

Hukuwa umeacha. Ulikuwa umejua tu kwamba najua.

Wiki ya tatu asubuhi ulianguka jikoni, midomo myeupe. Neema akakubeba na Mama Zuwena. Hospitali wakauliza tena, anatumia dawa gani nyingine? Neema akasema hakuna, na alikuwa anasema kweli yake. Alipokwenda kufuata maji ndipo nikamfuata daktari kwenye korido, nikamwambia, kuna vya magoti, nadhani, na tumbo lilikuwa linamsumbua kabla. Akaandika. Hakunikaripia. Akasema, "Asante kwa kutuambia, kaka," na sijawahi kuambiwa neno linaloumiza kama lile asante. Walikuongeza damu. Uliondoka saa tano kasorobo.

Na siku ya kutoa kitanda chako nje, chini ya godoro, nikayakuta mengine. Mpira ule ule. Nikayatia mfukoni mwa suruali haraka, watu wamejaa uani. Nikaenda kuyatupa mbali kabisa, kwenye pipa la barabarani, kama mwizi. Nilisema nalinda jina lako. Labda. Nikifikiri vizuri, nilikuwa nalinda la kwangu.

Sasa ndipo tulipofika. Nikinyamaza, Neema hamezi, na lile bonge la damu liko mguuni mwake linangoja. Nikisema, atajua kwamba mama yake alidanganya na mumewe akaangalia. Nimelizungusha siku nzima, nimelifungua kila upande kama friji bovu, hakuna njia ya tatu. Leo Jumamosi. Kesho akitoka kanisani namwambia. Nakuomba ruhusa, Mama. Na kama hutoi, namwambia hivyo hivyo.

*

Mama, naendelea. Leo ni Alhamisi.

Nilimwambia. Tulikaa pale uani, bado amevaa nguo za kanisa. Nilianza na hali ya hewa, akaniangalia, nikaacha hali ya hewa. Nikasema yote, mpaka mfuko wa suruali.

Akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Maganda mangapi?"

"Ya kwanza kumi na moja. Ya chini ya godoro sikuhesabu."

"Ya kwanza ulihesabu."

"Nilihesabu."

"Ulihesabu," akasema, "ukayarudisha."

Kisha akasema neno moja ambalo nimelibeba tangu Jumapili na sijui nitalitua wapi. Akasema, "Mimi angenisikia." Na ni kweli, Mama. Wewe ulikuwa unamsikiliza Neema. Ungemfokea, ungesusa chai siku mbili, lakini vile vidonge ungevitoa. Ilikuwa imebaki mtu mmoja tu wa kumfikishia Neema habari, na huyo alikuwa mkwe wako mwenye adabu.

Hakulia mbele yangu. Aliinuka akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumatatu asubuhi nikamkuta amevaa, ameshika cheti chake cha kliniki. "Twende." Alipoitwa kwa daktari, nikiwa nimeshanyanyuka naye, akanigeukia: "Wewe kaa hapa."

Nikakaa. Daktari safari hii alikuwa mama mtu mzima. Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye lile benchi karibu saa nzima, naangalia watu, na kila aliyekuwa anaingia na ndugu yake nilikuwa natamani kumshika shati huyo ndugu.

Alipotoka alikaa pembeni yangu kungoja kipimo cha damu, akanieleza bila kunitazama, kama anasoma orodha ya wanafunzi. Kwamba hedhi yake ni nzito tangu zamani, na sikujua uzito wake. Kwamba kichwa kinamuuma kila wiki na ana aspirini kwenye mkoba, anameza mbili mbili darasani. Kwamba mwalimu mwenzake amempa unga wa mizizi wa kusafisha damu, na anakunywa na uji asubuhi. Miaka kumi na tano ya ndoa, Mama. Nilikuwa najua anapenda chumvi kidogo na anaogopa mijusi. Mkobani mwake sikuwahi kuingia, na nilidhani hiyo nayo ni heshima.

"Nimemwambia na ya mama," akasema.

"Akasemaje?"

"Akasema wengi wanafanya hivyo. Akasema hiyo dawa si mbaya, ila haitaki kufichwa kitu."

Aspirini akaziacha pale pale mezani kwa daktari. Unga wa mizizi umemwagwa. Kichwa kikiuma ameambiwa cha kumeza na kiasi chake, na asizidishe. Hedhi ikizidi asingoje, aende. Sindano zinaendelea mpaka kipimo kiseme damu imefika wanapopataka, na atakuwa anapimwa mara kwa mara. Ametengewa saa ya kumeza, kumi na mbili jioni, kila siku, asiruke na asiache mwenyewe.

Jioni ile ya kwanza tulikaa wote sebuleni, hakuna aliyeitwa. Akakishika kidonge muda mrefu mkononi. Mie nikamwangalia. "Usinitazame hivyo," akasema, "tazama taarifa ya habari." Nikatazama taarifa ya habari. Sikumbuki walisema nini. Nilisikia glasi ikitua mezani.

Leo ni siku ya nne. Kila asubuhi ananiambia, bila kuulizwa, kwa sauti kavu kama mtu anatoa ripoti ya mita ya maji: fizi hazijatoka damu. Michubuko hakuna. Mguu umepungua uvimbe upana wa kidole kimoja. Zaidi ya hapo haongei nami, na Tumaini ana kazi mpya ya kutuletea maneno, maana chakula kikiwa tayari naambiwa na yeye. Sijui itachukua muda gani. Sina haki ya kuuliza.

Mama, sikuombi uniambie umenisamehe. Kwanza hujawahi kuniambia kitu moja kwa moja, usianze na kigumu. Nakuomba tu ujue kwamba nilikupenda kwa umbali uliopangwa, na siku umbali ule ulipotakiwa kuvunjwa nikaulinda badala ya kukulinda wewe.

Naahidi hivi. Neema akiingia kwa daktari, mie niko nje mlangoni, na kuna jambo nalijua asilotaka kulisema, nitagonga. Nitagonga hata akinichukia. Na siku moja Tumaini ataleta mume, atakuwa mkwe wangu, nitamheshimu kwa yote mliyonifundisha. Lakini nikiugua, akanipeleka yeye, nikaulizwa mbele yake hali ya tumbo langu, nitasema mpaka aombe kutoka.

Pumzika, Mama. Jumamosi naipeleka barua hii Kibamba tulikokuzika, nitaisoma pale kaburini, kwa sauti, maneno yote, bila kumpitishia mtu. Neema ameomba aisome kwanza. Nimemwachia nafasi hapa chini kama anataka kuongeza neno.

Mkweo,
Baba Tumaini

*

Mama, nimeisoma. Ningekuwa nimekufokea, unajua. Ningekufokea sana halafu ningekukanda magoti kila siku.

Dawa nameza. Choo ni cha kawaida.

Neema